Mistari Saba Niliyoiruka

Mimi ni mtu wa wivu. Naliweka hili mbele kabisa, kabla hajatokea mtu wa Kariakoo akanisemea. Na wala si wivu wa waume za watu, au magari, au zile nyumba za Upanga ninazozipita nikienda kumwona mgonjwa. Hivyo vyote wenyewe wakae navyo kwa raha zao. Wivu wangu mimi ni wa masomo. Nimewahi kumchukia binadamu mwenzangu, fundi wa rejeta za magari wa mtaa wa Gerezani ambaye hajawahi kuninyima hata salamu, kwa sababu ya kitabu kilichoandikwa Baghdad kama miaka elfu moja iliyopita. Mtu mzima mimi, nina mjukuu. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nauza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki katika duka aliloniachia mama. Nyuma ya duka kuna stoo, na katika stoo ile, kwa miaka kumi na miwili, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tulikuwa tunasoma. Mwalimu wetu tulimwita Maalim tu. Alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu, mwalimu mstaafu wa shule, mwembamba, kanzu imepigwa pasi hata siku ya mvua, na alikuwa anakaa peke yake chumba kimoja huko bonde la Jangwani. Alianza kwa kuja kununua vifungo. Tukawa tunazungumza, mazungumzo yakarefuka mpaka wateja wakaanza kunung'unika, nikamwambia, Maalim, hebu pita huku nyuma ukae kwenye kiti. Basi, darasa likaanza. Siku nzuri tulifika watu sita. Nasisitiza kwamba lilianzia kwangu, kwenye stoo yangu, katikati ya maboksi yangu ya zipu.

Tulikuwa tunasoma kitabu kimoja tu. Mwenye kukiandika alikuwa mtu wa kawaida aliyepata riziki yake kwa kunakili vitabu vya wenzake, katika mtaa wa wauza karatasi huko Baghdad. Maalim alikipata ujanani kwa Kiarabu, akatumia miaka thelathini kukitafsiri kwa Kiswahili, kwa mkono, kwa kalamu ya wino, katika kaunta buku nne zenye jalada gumu. Kila baada ya kipande cha tafsiri aliweka maelezo yake mwenyewe. Hayo maelezo ndiyo yaliyokuwa utamu wenyewe. Kiarabu chake ungeweza kukitafuta kwingine, lakini maelezo yalikuwa mle tu, duniani kote hakuna pengine.

Maalim alituambia kwamba jioni, kwenye maduka ya vitabu ya mtaa ule, watu walikaa wakibishana, Mwislamu, Mkristo, Myahudi, hata waliokuwa wakiabudu nyota, na swali lao kubwa lilikuwa mtu anakuwaje mtu. Hawakuuliza mtu wa kabila gani wala wa ukoo gani. Kulikuwa na neno la Kiarabu alilohangaika nalo miaka, mwishowe akaliandika "utu", akasema Kiswahili kilikuwa kinalisubiri. Yule bwana wa Baghdad alishikilia kwamba tabia njema haipatikani kwa kujifungia. Ukijificha pangoni utasema una subira, haya, nani amekuudhi huko? Utasema wewe mkarimu, umempa nani? Siku tuliyosoma hapo tulicheka mpaka muuza kofia wa jirani akaja kuchungulia kuna nini. Niliipenda hoja ile kwa sababu ilikuwa hoja ya mtu wa sokoni.

Maalim alikuwa na masharti yake. Kaunta buku zinakuja naye na kuondoka naye, haziazimwi. Kupiga picha kwa simu marufuku. Alisema ukishapiga picha unajiona umeshasoma. Anayetaka nakala atakaa na kuandikiwa kwa imla, yaani mmoja asome, mwingine aandike, kama walivyofanya watu wa zamani. Kikiisha, mwandishi anasoma alichoandika huku msomaji akifuatilia kwenye asili, neno kwa neno. Ndipo msomaji anaweka sahihi ukurasa wa mwisho kwamba nakala imetimia. Bila sahihi hiyo, alisema, una makaratasi tu.

Mimi sikuandika nakala. Miaka kumi na miwili, sikuandika! Sababu naijua na ni mbaya. Maalim aliwahi kusema kwamba siku atakapochoka, atakayekaa kwenye kiti chake ni yule atakayekuwa na kitabu. Hakuwa na mtoto wa kumwachia. Nikajipigia hesabu moyoni kwamba asili itakuja kwangu, ya nini kujichosha kunakili kitu ambacho ni changu? Nilikitaka kiti kile, nisifiche. Mwanamke muuza vifungo, darasa la saba, nakaa pale nasomesha, watu wananiita Maalim. Nililala na wazo hilo nikaamka nalo.

Sasa, huyo Fundi nilimkaribisha mwenyewe kwa mdomo wangu. Alikuja Jumamosi moja kutafuta zipu ya ovaroli. Kijana wa miaka thelathini hivi, mikono myeusi kwa kulehemu, lafudhi ya kusini. "Shikamoo dada." "Marahaba." Nikampa zipu, hakuondoka. Alisimama anasikiliza sauti ya Maalim ikitoka stoo. Nikamwambia, kwa utani tu, "Kama unalipenda darasa, ingia, hatumli mtu." Akaingia kweli! Akavua viatu mlangoni, akakaa juu ya boksi la lastiki, na hakukosa tena.

Ikaja kujulikana kwamba ni Mkristo, amewahi kusoma seminari huko kwao upande wa Songea, akaacha, akaja Bongo kutafuta maisha. Nilitegemea Maalim atajikuna kidogo. Wapi! Alifurahi kama aliyerudishiwa ndugu. Siku ya pili tu Fundi aliuliza kama ni kweli kwamba waliotafsiri vitabu vya Wayunani kwa Kiarabu wengi walikuwa Wakristo. Maalim akaweka kalamu chini. "Umelijulia wapi hilo?" Wakaanza hapo, wawili, mpaka magharibi ikaadhiniwa. Mimi miaka yote ile sijawahi kuuliza swali lililomfanya aweke kalamu chini. Nilikaa natafuna kucha, roho inaniuma waziwazi.

Baadaye Maalim akatangaza kwamba darasa linahamia Jumapili, kwa sababu Jumamosi Fundi anabanwa na kazi gereji, na Jumapili akitoka misa anakuwa huru. Jamani! Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kupumzika, kila mtu anajua. Nikasema, "Hakuna neno, Maalim," kwa sauti tamu kabisa. Nilipofika nyumbani nilimgombeza binti yangu kwa sufuria ambalo halikuwa na kosa lolote.

Halafu Fundi akaomba nakala. Hakuwa na hata mwaka darasani. Alikuja na kaunta buku zake nne mpya, amezifunika kwa gazeti kama mtoto wa shule. Macho ya Maalim yalikuwa yameanza kumtupa, hawezi kusoma kwa muda mrefu, akanigeukia mimi. "Bibi, wewe una sauti nzuri na unaujua mwandiko wangu. Msomee mwenzako." Ningesema nini? Nikasema inshallah.

Ikachukua miezi mitatu. Jioni mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja, mabasi ya mwendokasi yanapita yamefurika, mimi nafunga duka nusu mlango, Maalim anasinzia kwenye kiti, mimi nasoma, Fundi anaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Hilo nalo liliniudhi. Mikono ile ya rejeta, lakini herufi zimesimama zimenyooka, na wala hakuwa anafutafuta. Akifika mahali pa maana anatikisa kichwa anasema, "Dada, hapa pazito," nami najibu, "Ehee, endelea," kama mtu aliyeyajua hayo tangu tumboni.

Tukafika kaunta buku ya tatu. Na hapa lazima nieleze kitu. Mle ndani, katika maelezo ya ile hoja ya pangoni, Maalim aliandika juu ya mama yangu. Hakumtaja jina. Alisema mama mmoja wa Kariakoo, muuza vifungo. Mama alikuwa na jirani anauza vitu vilevile, mlango unaangaliana na wake, mwanamke mkorofi, aliyewahi kumtangaza mama mtaa mzima kwamba ni mchawi. Mteja akitaka kifungo ambacho mama hana, mama hakuwa anasema hakuna. Alikuwa ananituma mimi kwa yule yule mkorofi nikachukue, anamuuzia mteja, na pesa yote narudi nayo kwa jirani. Watu walimwambia mama mjinga. Hiyo hadithi mimi ndiye niliyempa Maalim, miaka ya mwanzo ya darasa, na yeye akaiongeza kitabuni kwenye nafasi aliyokuwa ameiacha, mistari saba, akifafanua kwamba bwana wa Baghdad alikuwa anamzungumzia mtu wa namna hiyo. Kila tulipofika hapo darasani nilikuwa nakohoa kidogo na kujiweka sawa. Ni mahali pekee tulipo sisi, watu wa duka hili, katika kitabu chochote.

Siku tuliyofika hapo ilikuwa Jumapili, na mchana darasani Maalim alikuwa amesema mbele ya wote kwamba Fundi kwa miezi michache amefika mahali ambapo wengine imewachukua miaka. Hakumtaja mtu. Wote waliangalia sakafu, na mimi nikajua wananiangalia mimi. Jioni tukakaa, nikafungua, nikauona ukurasa unakuja. Nikajisemea moyoni, hiki hakipati. Kiti achukue, Jumapili achukue, lakini mama yangu hampati. Nikasoma mpaka mwisho wa aya ya juu, nikavuta pumzi, nikaanzia aya ya chini. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Fundi akaandika, akageuza ukurasa. Maalim alikuwa anakoroma taratibu.

Ingeishia hapo ningesema shetani kanipitia. Lakini kulikuwa na marudio. Wiki tatu baadaye Fundi alisoma alichoandika, mimi nafuatilia kwa kidole kwenye asili. Alipofika pale akasita. "Dada, hapa kama pameruka kidogo? Maalim huwa anatoa mfano." Nikaiangalia ile mistari saba, iko chini ya kidole changu, wino umekolea. Nikamjibu, "Hapa hakutoa. Endelea." Akaniamini, akaendelea. Mwisho akanipa kalamu, nikaweka sahihi chini ya maneno kwamba nakala imetimia na mimi ndiye niliyeisoma. Akanishukuru, akaniletea na mkungu wa ndizi. Nilizila. Zilikuwa tamu, na sikujisikia vibaya hata chembe.

Masika ya mwaka uliofuata maji yakajaa Jangwani kama kawaida yake, ila safari hii yaliingia ndani alfajiri, kwa kasi. Vijana wa mtaa walimtoa Maalim mabegani. Nilikwenda na bajaji mpaka dereva akagoma, nikatembea kwenye tope lililobaki. Chumba kilikuwa kimegeuzwa. Kaunta buku tulizipata chini ya kitanda, zote nne zimeshikana tofali moja la karatasi. Nilijaribu kufungua, ukurasa ukatoka na vidole vyangu, bluu tupu, hakuna herufi. Kalamu ya wino ile! Nilikaa pale kwenye maji nikalia kwa sauti, na watu wakadhani nalilia godoro la mzee.

Maalim tukampeleka kwa mpwa wake Upanga. Jumapili ya tatu akasema anataka darasa. Akaletwa stoo, kadhoofu, akakaa kwenye kiti chake. Tulikuwa tunaogopa kumtazama. Yeye akasema tu, "Alhamdulillah. Fundi anacho." Watu wote wakageuka kumtazama Fundi, na mimi nikageuka, na wivu nilioupata dakika ile sijawahi kuupata kabla wala baada. Nilisahau kabisa kilichokosekana. Niliona tu kwamba sasa kitabu ni chake, na kiti ni chake. Nilipofika kitandani ndipo ikanijia kwamba mistari saba haipo tena popote, na kwamba aliyemfuta mama si maji ya Jangwani.

Maalim akaamuru tuanze upya, tusome nakala ya Fundi toka ukurasa wa kwanza, maana sasa hiyo ndiyo asili. Wiki baada ya wiki tulikuwa tunausogelea ule ukurasa. Nikaanza kukosa hamu ya kula. Nilijaribu kuyaandika yale maneno pembeni ya boksi, yakagoma. Hadithi ninayo, nimeishi, lakini namna Maalim alivyoipanga, lile neno alilomalizia, limekwenda. Miaka kumi na miwili nikijikoholea pale, kumbe nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Jumapili ikafika. Fundi alisoma aya ya juu, akaingia aya ya chini. Nilimkazia macho Maalim. Nilikuwa namwomba moyoni, sema kitu mzee, sema pana pengo, unikamate. Alitikisa kichwa taratibu akasema, "Vizuri. Endelea." Hakukumbuka! Mama yangu alipita mbele yake hakumwona.

"Maalim, tusimame hapo," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hapo pana mistari saba. Niliiruka mimi. Kwa makusudi. Na kwenye marudio aliniuliza nikamdanganya."

Muuza kofia, ambaye siku hizi naye alikuwa mwanafunzi, akasema "Astaghfirullah." Maalim akaniuliza ilikuwa inasema nini. Nikamwambia ni ile ya mama. Akafumba macho muda mrefu, midomo inacheza. Akafumbua. "Sikumbuki nilivyoandika, bibi. Nikiandika leo nitaandika kitu kingine."

Ndipo nikalazimika kumtazama Fundi. Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu yangu, nawajua watu wa gereji, ningemjibu neno kwa neno. Hakunitazama. Alikuwa ameinamia ule ukurasa, kidole chake kwenye ule upenyo mdogo kati ya aya na aya.

"Kule gereji wananicheka," akasema polepole. "Kanisani nako wananiuliza nafuata nini kwa Waislamu. Nawajibu, kuna dada mmoja pale amenisomea kitabu kizima, miezi mitatu, mpaka sauti ikamkauka, na si ndugu yangu wala jirani yangu. Nawaambia bwana wa Baghdad alikuwa anamsema huyo." Akalainisha ukurasa kwa kiganja. "Mke wangu anataka mtoto akizaliwa, akiwa wa kike, tumpe jina lako."

Nilitamani ardhi ipasuke, na stoo yangu ina sakafu ya saruji.

Alitoa kalamu kwenye mfuko wa shati. Akaigeuza kaunta buku pembeni, pale kwenye nafasi nyembamba ya kando. "Haya dada. Sema, niandike. Anza na mama."

Nikasema. Nilisema vibaya, nilirukaruka, nikalia katikati, nikarudia jirani mara mbili. Yeye hakuniharakisha. Aliuliza mlango wa jirani ulikuwa upande gani, akauliza nilikuwa na miaka mingapi mama aliponituma, akaandika kwa zile herufi zake zilizonyooka. Alipomaliza alinisomea. Ilikuwa mistari tisa, na mama alikuwemo, akiwa na mimi mtoto mdogo nimeshika pesa ya watu mkononi nakatiza barabara. Chini yake aliandika kwamba haya yametoka kwa binti yake, kwa mdomo wake. Hakuandika kwamba niliiruka. Akanisogezea kalamu niweke sahihi.

Maalim alisema, "Sasa imetimia." Darasa likaendelea.

Niliiweka sahihi, na hata pale, Mungu ananiona, nilikuwa bado namwonea wivu. Nilimsubiri anitukane. Angenitukana neno moja tu nikalivumilia, siku ile ningeondoka na kitu kimoja nilichomzidi.